Neno Alilolipenda Mkalimani

Wanaomsifu Mkalimani mpaka leo ni wale ambao hakuwahi kuwaandikia karatasi. Nawasikia misibani na harusini, kule Mtoni na hapa Temeke, wakisema hajatokea tena mtu mwenye Kiingereza kama kile, mtu mpole, mtu wa watu. Mimi huinama nikaendelea kuchambua mchele, kwa sababu nikifungua kinywa nitaharibu shughuli ya watu. Hapa hakuna shughuli ya mtu, kwa hiyo nitasema.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Sijui, na baada ya aliyoyafanya sikutaka kujua. Nilimjua kwa kuwa alikuwa jirani yetu. Nyumba yake na nyumba ya shangazi yangu zilitenganishwa na ua wa makuti na kijinjia cha kwendea kisimani, kule Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, enzi za Mwingereza, barabara yenyewe ikiwa bado mchanga mtupu. Alikuwa mkalimani katika ofisi ya Bwana Shauri, yaani yule mzungu aliyetawala wilaya na kusikiliza kesi za watu. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mkalimani.

Kila asubuhi alitoka kwake amevaa kanzu nyeupe, koti jeusi na tarbushi nyekundu, na miguu mitupu. Viatu alivibeba mkononi ndani ya kikapu cha ukili. Akikaribia ofisini alikaa kando ya njia, akajipangusa vumbi kwa kitambaa, akavivaa, akaingia kwa wazungu akiwa na viatu vipya. Viatu hivyo nilivijua tangu nikiwa msichana mpaka naolewa na kuachika, na soli zake zilikuwa bado nzima. Shangazi alikuwa akisema Mkalimani anawaonyesha wazungu viatu na sisi anatuonyesha nyayo. Alisema kwa utani, na yeye Mkalimani akicheka.

Kazi ya ukalimani ina desturi ambayo wengi hawaijui. Mkalimani hasemi "mtu huyu anasema kaiba." Anasema "nimeiba." Anachukua maneno ya mtu akayasema yeye kama yake, huku mwenye maneno amesimama pembeni. Basi jioni akirudi, majirani humuuliza, "Leo je, Mkalimani?" Naye hujibu, "Leo nimeiba baiskeli, nimemtaliki mke wangu talaka tatu, halafu nikaapa sijamtaliki." Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe akitokea na sufuria husema, "Ukimtaliki wa huku pia uniambie mapema, niache kukoka moto." Nyumba ile ilikuwa na vicheko, sitaki kusema uongo.

Wala hakuwa mtu mbaya kila siku. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana angekuwa mbaya kila siku tusingempelekea jambo letu. Aliwasomea watu barua bila kuchukua kitu. Mtu mmoja alimletea jogoo ili amtengenezee maneno mbele ya Bwana Shauri, akamrudisha na jogoo wake mchana kweupe, watu wakiona. Na nyuma ya nyumba zetu alikaa mchonga vinyago, Mmakonde aliyetoka kusini, ambaye alikamatwa kwa gogo la mpingo. Karani wa polisi alikuwa ameandika kwamba mtu huyu amekiri kuiba. Siku ya kesi Mkalimani alisimama bila kuulizwa, akamwambia mzungu uso kwa uso kwamba kilichoandikwa ni kosa, kwamba mshitakiwa amesema gogo alipewa, na aliyempa yuko nje anangoja kuitwa. Aliitwa, Mmakonde akaachiwa. Alimchongea Mkalimani bakora nzuri sana, na alikuwa mwaminifu kwake mpaka mwisho.

Kwa hiyo Mkalimani alijua namna ya kumwambia mzungu kwamba karatasi ina kosa. Alijua vizuri kabisa. Ila kosa lile lilikuwa la karani.

Sasa niseme habari ya neno. Kila Jumamosi baada ya alasiri alifundisha Kiingereza barazani kwake. Walikuja wanaume sita au saba, wengi wao makuli wa bandarini, na mpishi mmoja aliyepikia wazungu. Walikaa juu ya mkeka aliousuka shangazi yangu. Mimi na mke wa Mkalimani tulikaa kwa ndani, nyuma ya mlango, tukisuka ukili na kusikiliza. Wale wanaume walitaka kujua namna ya kuomba kazi na namna ya kusema wanaumwa. Yeye aliwapa neno moja kila wiki kutoka kwenye kamusi isiyo na jalada, iliyofungwa katika kipande cha kanga. Na neno alilolirudia kuliko yote, ambalo makuli wale hawakuwa na pa kulipeleka, lilikuwa "lucid".

Alilitamka amefumba macho. Kisha aliagiza maji ya mtungini katika bilauri, akaiinua juani na kuweka kidole nyuma yake.

"Mnakiona kidole changu?"

"Tunakiona."

"Basi maji haya ni lucid."

Hapo alianza safari, na safari hiyo naijua kwa moyo kama nijuavyo Fatiha. Neno lile, alisema, si la Waingereza kwa asili. Walilichukua kwa Warumi wa kale, ambao lugha yao mapadri bado wanaisalia, na padri aliyemfundisha yeye ndiye aliyemwonyesha mzizi wake. Kwa Warumi mzizi huo ulikuwa mwanga. Waingereza walipolipokea walilitumia kwanza kwa vitu vinavyong'aa, nyota na mfano wake. Kisha likashuka kwenye maji na kioo, vitu vinavyoruhusu mwanga kupita. Kisha wasomi wakalitia katika maneno: hotuba iliyo lucid ni ile ambayo ukishaisikia hubaki na swali. Mwisho likaingia kichwani, kwa akili inayoyaona mambo kama yalivyo. "Hapo ndipo penye utamu," alisema. "Limeanzia mbinguni, likaja kukaa kichwani mwa mtu."

Jumamosi moja shangazi alikuwa ameleta mkeka mwingine, akasimama uani na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Mkalimani," akasema, "si useme bayana tu?"

"Bayana haifiki, Mama. Bayana ni jambo lililokwisha julikana."

"Haya, wazi."

"Wazi hata mlango."

"Fasaha."

"Fasaha ya ulimi tu. Haiingii kwenye maji."

"Angavu je?"

"Hiyo ya mbingu, na vyombo vilivyosuguliwa."

"Kumbe Mwingereza ana neno moja la kubangaiza kote huko," akasema shangazi, "na mie ninayo manne, kila moja na kazi yake. Halafu mie ndiye sina lugha!"

Makuli waliangua kicheko. Mkalimani alicheka nao, lakini nilimwona kupitia ufa wa mlango, na hakufurahi. Hakupenda neno lake liguswe. Alilitumia kwa kila kitu, maji ya kisima, mahubiri, hata mbalamwezi. Siku moja alimsifu mkewe kwamba mchuzi wa leo ni lucid, mkewe akamjibu, "Nazi zimekwisha. Kama unataka nazi, sema unataka nazi."

Shangazi yangu huyo ndiye aliyenilea. Baba yangu, kaka yake, alifariki nikiwa mdogo, na shangazi hakujaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe, vyumba vinne vya udongo na makuti na minazi nyuma, aliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa kusuka mikeka. Alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja, ba'mdogo wangu, aliyekaa Kisarawe na kuonekana kwetu siku ya Idi tu, tena baada ya chakula kuiva. Shangazi alijua kwamba akifa bila kutoa kauli, huyo ndiye mrithi, na mimi niliyekaa naye miaka yote nitatoka na kanga zangu.

Mwaka mmoja alishikwa na homa kali. Siku mbili alikuwa akimwita marehemu mumewe na kumwambia afunge mbuzi. Siku ya tatu homa ikashuka. Ya nne aliomba uji, akanigombeza kwamba hauna chumvi. Ya sita akasema, "Niitieni Mkalimani, aandike kwamba nyumba hii nampa huyu mtoto wa kaka yangu, tena nampa nikiwa hai."

Mkalimani alikuja na wino na karatasi ya ofisi. Mke wake alikuwepo, na yule mchonga vinyago. Shangazi alikaa kitako kitandani, amejitanda kanga, akasema maneno yake taratibu. Mkalimani akayarudia ili kuhakikisha, na alipofika kwenye minazi akasema kumi na miwili.

"Kumi na mmoja," shangazi akamkata. "Mmoja ulipigwa na radi mwaka jana, na ulikuja mwenyewe kuomba kuni zake. Au hukumbuki?"

Huyo ndiye mtu ambaye baadaye walisema hakuwa na akili.

Nilimuuliza Mkalimani kama anaandika Kiswahili au Kiingereza. "Kiingereza, binti," akasema. "Kiswahili ni cha kusemea. Karatasi ya Kiingereza haipingwi." Sote tukaitikia. Hapa lazima nijitukane na mimi pamoja na Mtoni nzima, kwa sababu huo ndio uliokuwa ujinga wetu. Watu waliandikiwa kwa Kiingereza mauzo ya mbuzi, mipaka ya mashamba, hata ugomvi wa ndoa, wakazikunja karatasi hizo na kuzilaza sandukuni chini ya nguo za sikukuu, bila yeyote katika nyumba kujua zinasema nini. Kadiri usivyoielewa ndivyo ulivyoiheshimu.

Alipomaliza aliisoma kwa sauti, Kiingereza chote, amefumba macho. Katikati nikalisikia lile neno. Shangazi naye akalisikia.

"Na neno lako umelitia?" akamuuliza, akicheka.

"Nimelitia, Mama."

"Haya." Akatia kidole gumba kwenye wino na kukibandika.

Shangazi alipona. Aliishi zaidi ya mwaka, akasuka, akauza, akamtukana mwanamke muuza samaki aliyemletea vibua vilivyolala. Angeweza kutoa kauli yake mara mia, mbele ya watu mia, kwa Kiswahili. Hakuna aliyeona haja, maana karatasi ipo. Kisha tumbo likamshika, na baada ya wiki moja tukamzika.

Arobaini ilipokwisha ba'mdogo alikuja na madai. Tulikwenda kwa liwali. Liwali aliichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Hii ya Kiingereza. Mie siwezi kuhukumu nisichokisoma. Ipelekeni kwa Bwana Shauri." Ingekuwa ya Kiswahili angewaita majirani watatu na tungerudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Niliondoka pale nimefurahi, mjinga mimi, nikidhani jambo letu limepanda cheo.

Bwana Shauri wa wakati huo alikuwa kijana, shingo imeiva kwa jua. Ba'mdogo alisimama upande mmoja, mimi upande mwingine, na Mkalimani katikati, akitutafsiria sote na wakati huohuo yeye ndiye mwandishi wa karatasi. Bwana Shauri aliisoma, kidole chake kikisogea, kisha kidole kikasimama. Akamuuliza Mkalimani swali, na ndani ya swali lile nikasikia "lucid".

Nilitabasamu. Nataka hili lijulikane. Katika Kiingereza chote nililijua neno moja, na niliposikia mzungu analitamka juu ya shangazi yangu nikajua anamsifu. Nikamtazama ba'mdogo kwa jeuri. Wakaendelea kuulizana na kujibizana, neno likirudi, na kila liliporudi mimi nikatabasamu tena. Halafu Mkalimani akanigeukia, macho yake yakiwa ukutani, akasema, "Bwana Shauri ameona karatasi haitoshi. Nyumba inakwenda kwa mrithi."

Aliyenieleza kilichotokea ni tarishi wa ofisi ile, mtu mzima aliyejifunza Kiingereza jeshini. Alinikuta nje nimekaa chini, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, nani alimwambia aandike vile?"

"Vipi?"

"Ameandika kwamba marehemu alikuwa na vipindi vya akili timamu. Wazungu wana msemo huo, lucid na neno jingine nyuma yake. Hawamsemi hivyo mtu mzima wa akili. Wanamsema mwendawazimu ambaye mara moja moja anazinduka."

Nilimwambia anieleze maswali yote, moja moja. Bwana Shauri aliuliza kwanza: ina maana kwa kawaida mama huyu hakuwa na akili? Mkalimani akajibu kwamba msemo huo unatumiwa na mawakili wa Mahakama Kuu na ni sahihi. Akaulizwa tena: siku ya kutia kidole, alikuwa ndani ya kipindi hicho au nje? Akajibu kwamba yeye si daktari. Akaulizwa mara ya tatu, na hapa tarishi alisema hata mzungu alionekana anamtafutia njia: labda uliliweka neno bila kukusudia hivyo? Mkalimani akasema Kiingereza cha karatasi hakina kosa.

Mara tatu! Alichotakiwa kusema ni kwamba amekosea. Kumbe msemo ule aliuokota kwa wakili mmoja alipoazimwa Mahakama Kuu kwa mwezi mmoja. Aliwaeleza wanafunzi wake Jumamosi ambayo mimi sikuwepo, na tangu hapo alikuwa akitafuta pa kuutia. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mgonjwa wa karibu.

Ba'mdogo hakukaa hata siku moja katika nyumba ile. Aliiuza, aliyeinunua akaivunja. Nilihamia Temeke kwenye chumba kimoja, nikakaanga vitumbua. Nyumba iliniuma, lakini nyumba ni udongo na makuti, ningeweza kujizoeza. Kilichonimaliza ni mengine yaliyofuata.

Habari ya ofisini ilifika kisimani kabla yangu, na ilipofika ilikuwa fupi: mzungu amesema yule bibi alikuwa kichaa. Watu waliokuwa wamelalia mikeka yake miaka kumi na mitano wakaanza kukumbuka. Huyu alikumbuka kwamba alikuwa akisema peke yake. Yule alikumbuka macho yake. Muuza samaki, aliyetukanwa kwa vibua vyake, alikumbuka kuliko wote, na alikuwa na sauti. "Mie nilijua zamani," alisema. "Mtu mwenye akili hatukani vile." Watoto wakatunga mchezo wa kumwita mume aliyekufa aje afunge mbuzi. Mwanamke aliyejenga vyumba vinne kwa vidole vyake, mwenye ulimi mkali kuliko wanaume wote wa barabara ile, akawa hadithi ya kuchekesha. Na mtu pekee ambaye neno lake lingewanyamazisha alipita kila asubuhi na kikapu chake cha viatu.

Nilimsimamisha njiani mara moja. "Waambie watu shangazi yangu hakuwa mwendawazimu. Sitaki kingine."

"Binti, mimi sikuandika mwendawazimu," akasema. "Nilichoandika ni tofauti. Neno hilo, kama unavyojua, asili yake kwa Warumi..."

Nilimwacha na Warumi wake. Tangu siku hiyo sikumwamkia. Tulipokutana nilipita kimya, mtu mzima kama yule, jirani, mbele za watu, na watu walinitazama mimi kama ndiye mkosefu. "Shikamoo tu inakushinda?" walisema. Ilinishinda. Mkewe, ambaye hakuwa na kosa lolote, alinitumia sahani ya bokoboko sikukuu ya Idi. Niliirudisha ilivyofunikwa, na jambo hilo ninalijutia, kwa sababu alifariki kabla sijamwomba radhi.

Darasa la akina mama wa kusoma na kuandika lilipofunguliwa Temeke, nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwalimu alidhani nina bidii. Nilikuwa na hasira tu.

Miaka ilikwenda. Watu walikuwa wakizungumza siasa waziwazi na kusema Mwingereza yuko mbioni kuondoka. Asubuhi moja yule mchonga vinyago alikuja kwenye karai langu la vitumbua, akasimama bila kununua.

"Mzee anakuita."

"Anakufa?"

"Hafi leo. Ila miguu imevimba, hatoki tena. Anakuita wewe."

Nilimaliza kukaanga unga wote uliobaki, kisha nikaenda kwa Mkalimani. Uani kwake walikuwa wamekaa wanawake saba au wanane waliokuja kumjulia hali mgonjwa, wakichambua mchele wa chakula cha mchana, na muuza samaki akiwa katikati yao, amezeeka, sauti ileile. Nilipita, nikaingia chumbani. Mkalimani alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. Alinitazama akingoja nimwamkie. Alipoona haiji, akaanza mwenyewe.

"Shangazi yako alikuwa na akili zake siku ile."

"Hilo nalijua. Wewe umelijua lini?"

"Mlemle ofisini. Swali la kwanza tu, nikajua nimeharibu."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Asubuhi ile, kabla hamjaingia, Bwana Shauri alikuwa ameipitia juujuu karatasi mliyoikabidhi. Akaniuliza nani kaiandika. Nikasema mimi. Akasema hajawahi kuona Mwafrika anayeandika Kiingereza kama hiki. Miaka yote niliyokaa pale, binti, nilikuwa naambiwa njoo, simama hapa, tafsiri. Ndiyo mara ya kwanza mzungu kunisifu. Ningewezaje kumwambia, hata saa haijapita, kwamba nimekosea?"

Nilidhani nitalia, sikulia. Miaka ile yote nilikuwa nimempa sababu kubwa. Nilisema labda alitishwa, labda alihongwa na ba'mdogo, labda kibarua chake kilikuwa hatarini. Kumbe ilikuwa sifa. Nilimwambia, "Vyumba vinne, Mkalimani. Na jina la mtu. Kwa sifa ya mdomoni!"

"Nisamehe, binti."

"Hapana."

Alifumba macho. "Basi angalau nimekwambia ukweli."

"Umeniambia mie, ninayeujua. Kule nje wamekaa watu waliomfanya shangazi yangu kichekesho. Unawajua mmoja mmoja. Waambie wao."

"Siwezi kutoka. Miguu hii..."

"Sauti unayo."

Nikalifungua pazia la mlango, nikalitupia juu ya ubao. Wanawake wakainua vichwa. Niliwaeleza pale pale nilipokuwa nimesimama, kwamba karatasi ya shangazi yangu iliharibiwa na Mkalimani kwa neno alilolitia kwa kupenda tu, kwamba alijua, kwamba aliulizwa mara tatu akaficha kosa ili Kiingereza chake kisionekane na doa. Muuza samaki akasukuma ungo wake pembeni.

"Bibi wee, una roho gani? Mgonjwa yuko kitandani, unakuja kumchafua nyumbani kwake?"

"Hajanichafua," Mkalimani akasema kutoka ndani.

Ilikuwa sauti yake ya ofisini, ile iliyozoea kusikika mpaka barazani.

"Anayosema ni kweli. Bibi yule alikuwa mzima wa akili alipotoa nyumba yake. Hakuwa kichaa siku hiyo, wala kabla yake, wala baada yake. Kosa niliandika mimi. Niliulizwa, nikaficha. Wote mliomsema, mlimsema kwa sababu yangu."

Niliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Muuza samaki alikuwa ameangalia mchele wake. "Mmesikia," nikawaambia. "Sasa nataka nimsikie mtu anamwita kichaa tena." Mmoja wao, mama ambaye sikumfahamu vizuri, akasema polepole kwamba mkeka wa bibi yule anao mpaka leo na haujafumuka. Nikavuta kanga yangu kichwani, nikainama kutafuta ndara zangu mlangoni.

"Binti," Mkalimani akaniita kutoka ndani.

Nikasimama.

"Nimesema vizuri?"

Nikavaa ndara zangu, nikaondoka.